Mshauri Mwenye Misumari Mdomoni

Watu wa mtaa ule walimwita Ningekuwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila lilibaki kwenye kitambulisho tu, maana kila alipofungua kinywa kuzungumzia siasa, neno la kwanza kutoka lilikuwa hilo hilo. Ningekuwa mimi rais. Ningekuwa mimi waziri. Ningekuwa mimi yule mshauri wake, mngeona!

Kazi yake ilikuwa kukarabati makochi. Kochi likichoka, springi zikatoboa kitambaa na kuanza kuwafinya wageni makalioni, lilipelekwa kwake. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara, sponji zimerundikwa hadi darini, vumbi la pamba linaelea kila mtu apitapo. Alipofanya kazi alikuwa na mtindo wa kujaza misumari midogo mdomoni. Anausukuma mmoja kwa ulimi, anauchukua, anaupachika kwenye ubao, paa! Miaka mingi ya kazi ilikuwa imemfundisha kuongea nayo ikiwa humo humo, maneno yakimtoka pembeni mwa mdomo kama mtu anayemsengenya aliyesimama upande wa pili.

Mkewe alikuwa nyuma ya chumba, anashona vitambaa vya makochi kwa cherehani. Miguu kwenye pedali, macho kwenye sindano, masikio kwa mumewe.

Msimu ule wa kampeni za urais, Ningekuwa alikuwa na mtu wake. Alikuwa waziri wa siku nyingi, na kila mtu alimwita Mheshimiwa tu. Ningekuwa alimpenda Mheshimiwa. Aliowachukia ni washauri wake.

"Mwenyewe hana neno," alisema siku moja, nyundo mkononi. "Tatizo ni wale waliomzunguka. Juzi kawasomea wakulima takwimu mpaka mvua ikaanza kunyesha. Mvua inanyesha, yeye anasoma! Watu wanakimbia, yeye anasoma! Pale hapakuwa na hata mmoja wa kumvuta koti? Waoga watupu. Kazi yao ni kumvika mtu kilemba cha ukoka, wakitoka nje wanamcheka."

Aliyekuwa akiambiwa haya ni fundi saa wa mlango wa pili, mtu mwembamba ambaye alimuunga mkono mgombea wa upinzani na ambaye hakupata kazi nyingi, kwa hiyo alikuwa na muda wa kubishana.

"Wewe ungemwambia?" fundi saa akauliza.

"Usoni! Ningekuwa mimi ningesimama nikamtazama, nikasema: Mheshimiwa, hapana."

"Na akikufukuza?"

"Anifukuze! Kwani nilizaliwa naye?"

Cherehani ikasimama. "Baba watoto," mkewe akasema bila kuinua kichwa, "juzi mama alikuuliza kama lile gauni la njano limempendeza. Ukamwambia anameremeta kama malaika. Halafu ukaenda uani ukacheka mpaka ukakaa chini."

"Yule ni mama mkwe," Ningekuwa akasema kwa hasira kidogo. "Ile ni heshima. Siasa ni mambo mengine."

Cherehani ikaendelea.

Haikupita wiki, shemeji yake, ndugu wa mkewe, akaegesha gari kubwa jeusi mbele ya karakana mpaka mlango ukaingia giza. Shemeji huyu alikuwa dereva katika kampeni ya Mheshimiwa. Alishuka akaeleza kwamba ofisi ya kampeni imepanga nyumba ya zamani yenye viti vya zamani, na kwamba kiti cha Mheshimiwa mwenyewe kinalia. Kila akiegemea kinatoa sauti, na watu kwenye mkutano wanashindwa watazame wapi.

"Beba vifaa, shemeji. Twende sasa hivi, kabla hawajaanza kikao."

"Vaa koti," mkewe akasema. "Huko ni kwa wakubwa."

Ningekuwa akavaa koti lake la harusi, ambalo lilikuwa bado zuri kwa sababu halikuwa likivaliwa, akaondoka na begi la vifaa kama daktari.

Mhudumu aliyempokea alimwonyesha chumba cha mkutano, akamwambia viti ni vile, kisha akaitwa na simu akaondoka zake. Alikuwa amehamishiwa tawi jingine la kampeni siku ile ile, na hakurudi tena. Ningekuwa akaanza kazi. Alikigeuza kiti cha Mheshimiwa, akakuta springi imetoka mahali pake, akaitia mkanda mpya, akakirudisha. Kisha akavuta cha jirani, akajaza misumari mdomoni, akagonga huku na kule, halafu akakikalia ajaribu kama kimekaa sawa.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, wakaingia washauri.

Wa kwanza alikuwa mzee wa suspenda, mkuu wao, mtu mwenye tumbo la kuheshimika. Nyuma yake Mtu wa Takwimu, kijana wa miwani aliyekumbatia kompyuta kama mtoto mchanga. Wa tatu, Mama wa Habari, mwenye simu mbili na hereni kubwa. Wote watatu walimwona mtu wa makamo aliyevaa koti, amekaa mezani, kimya. Mzee wa suspenda alidhani ameletwa na Mama wa Habari. Mama wa Habari alidhani ni wa mzee wa suspenda. Mtu wa Takwimu hakuwa na tabia ya kutazama watu. Ningekuwa alitaka kuinuka ajieleze, lakini mlango ukafunguliwa tena, safari hii na mlinzi, na Mheshimiwa akaingia. Wote wakasimama. Naye akasimama. Wote wakakaa. Naye akakaa. Misumari mdomoni.

Mheshimiwa akaegemea kiti chake. Kiti hakikulia. Akainua nyusi kwa furaha, na tangu hapo akawa na hali nzuri, jambo ambalo ndilo lililoleta balaa lote.

"Wananchi wanasema mimi ni mtu wa ofisini," akaanza. "Wanasema sijui maisha yao. Nimelala nikalifikiria. Jumamosi, mkutano mkubwa, sitaingia uwanjani kwa gari. Nitaingia kwa baiskeli."

Ningekuwa akaona mzee wa suspenda akimeza mate. Akaona Mama wa Habari akiitazama simu ambayo haikuwa imelia. Kila mtu chumbani, hata mlinzi, alikuwa anaiona ile baiskeli na anamwona Mheshimiwa juu yake.

"Ni wazo zito, Mheshimiwa," mzee wa suspenda akasema.

"Wapiga kura wengi wana baiskeli," Mtu wa Takwimu akasema. "Namba zinakuunga mkono."

"Picha itapendeza mno," Mama wa Habari akasema.

Mheshimiwa akamgeukia mgeni. "Na wewe, bwana? Unaonaje?"

Ndiyo saa Ningekuwa aliyokuwa akiiomba maisha yake yote. Rais mtarajiwa anamtazama usoni na kumwuliza anaonaje! Na kinywa chake kimejaa misumari. Kuitema mezani mbele ya wakubwa haiwezekani. Kuimeza ndiyo kabisa. Akafikiri la kufanya, akaona hakuna ila kutikisa kichwa, na akakitikisa polepole sana, juu, chini, ili misumari isimchome ulimi.

Mheshimiwa akapendezwa. "Mmeona?" akawaambia wengine. "Huyu anafikiri kwanza. Ninyi mnanirukia na sifa kabla sijamaliza. Kesho naye awepo."

Jioni karakana ilijaa. Ningekuwa alisimulia kisa kizima, ila ile misumari ilipungua kidogo kila aliporudia, na mwishowe ikatoweka, ikabaki kwamba alinyamaza kwa hekima.

"Huyo Mheshimiwa anajua kuendesha baiskeli?" mkewe akauliza.

Shemeji, ambaye alikuwa amekuja kunywa chai, akacheka mpaka ikamtoka puani. "Dada, yule hata garini anakaa ameshikilia mlango. Tukikata kona ananiambia pole pole. Baiskeli! Amekulia kwenye viti vya nyuma yule."

"Basi si umwambie, baba watoto? Ataumia mtu mzima bure."

"Kesho namwambia," Ningekuwa akasema, na kifua kikamtanuka. "Usoni."

"Tutasikia," akasema fundi saa.

Usiku ule Ningekuwa hakulala vizuri. Asubuhi alijinyoa, akafanya mazoezi mbele ya kioo: Mheshimiwa, hapana. Mheshimiwa, kwa heshima zote, hapana. Mdomo wake ulikuwa safi, hauna hata msumari mmoja. Alipoketi tena kwenye ile meza, alikuta baiskeli imekwisha letwa, nyekundu, imeegemezwa ukutani chini ya picha kubwa ya Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa anaizunguka akilipapasa tandiko kama mtu anayenunua farasi.

"Bwana mkimya," akasema, "leo nataka kukusikia. Tazama vizuri. Kuna tatizo lolote?"

Ningekuwa akasimama. Akagundua kwamba Mheshimiwa akiwa karibu ananukia sabuni ya bei kubwa, na kwamba ana macho ya mtu aliyechoka anayetamani sana kusikia jambo jema. Hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Kwenye redio mtu hana macho.

"Mheshimiwa," akasema, "hapana..."

Chumba kizima kikaacha kupumua. Mzee wa suspenda akashika suspenda zake. Nyusi za Mheshimiwa zikaanza kusogeleana.

"...hapana tatizo lolote," Ningekuwa akamalizia. Na kwa kuwa kimya bado kilikuwa kirefu na alihitaji kukijaza, akaongeza: "Labda kengele. Haina kengele."

"Kengele!" Mheshimiwa akapiga makofi. "Kengele! Mwananchi wa kawaida ana kengele! Itiwe kengele kubwa."

Ikatiwa kengele.

Jumamosi uwanja ulifurika. Ulikuwa uwanja wa mpira ulio chini ya mteremko, jukwaa limejengwa upande wa goli, na pembeni mwa jukwaa kwaya ya akina mama waliovaa sare, pamoja na ngoma kubwa ya bendi. Ningekuwa alisimama katikati ya umati na mkewe upande mmoja, fundi saa upande mwingine. Alikuwa amealikwa kukaa jukwaani na washauri, lakini alisema tumbo linamsumbua, na kwa kweli lilikuwa linamsumbua.

Mheshimiwa akatokea juu ya mteremko. Umati ukapiga vigelegele. Vijana wawili wa kampeni walikuwa wamemshikilia kushoto na kulia, na kwa hatua chache za kwanza alionekana vizuri kabisa, mkono mmoja hewani anapunga. Kisha akawaashiria wamwachie.

Baiskeli ilipoanza kushika kasi, watu walidhani ni mbwembwe. Kasi ilipozidi, ikasikika kengele. Ilikuwa inalia mfululizo, krinn-krinn-krinn bila kupumzika, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anatafuta breki, na kila kidole chake kilipokwenda kilikuta kengele. Watu walioisikia walifungua njia. Hilo ni lazima lisemwe kwa haki: bila ile kengele angemgonga mtu. Akapita katikati ya umati kama nyuki aliyekasirishwa, akawapita waandishi wa habari, akaipita ngazi ya jukwaa aliyopaswa kushukia. Kwaya ikatawanyika huku ikiimba, na Mheshimiwa akaingia kichwa kwanza kwenye ngoma ya bendi. Ngoma ikalia mara moja tu, kwa kishindo, ikapasuka.

Uwanja mzima ukashika midomo.

"Hivi," fundi saa akasema baada ya muda, "ni mpumbavu gani aliyemshauri yule mzee?"

Ningekuwa alikuwa amelisema neno hilo mwenyewe miaka nenda miaka rudi, kwa sauti kubwa kuliko ya fundi saa. Sasa lilimwingia sikioni kama maji ya moto. "Pengine," akasema pembeni mwa mdomo, ingawa haukuwa na misumari, "ni mtu mwenye nia njema."

Mkewe alimtazama, akauma kanga yake ili asicheke.

Mheshimiwa akatolewa ngomani. Hakuvunjika, ila suruali ilichanika gotini na nywele zilisimama. Akapewa kipaza sauti. Karatasi za hotuba zilikuwa zimepeperuka, na pumzi hakuwa nayo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya siasa alisema maneno machache.

"Nimeanguka," akasema, akihema. "Mmeniona. Naomba... mnipe maji."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, lakini si kile cha dharau. Mtu akapitisha chupa ya maji juu ya vichwa, ikapita mkono kwa mkono mpaka jukwaani, na Mheshimiwa akainywa yote mbele yao, huku watu wakimshangilia kila funda.

Ningekuwa hakukaa kuona hayo mpaka mwisho. Yeye aliona kuanguka tu. Alirudi nyumbani akajilaza akiwa na viatu.

Jumatatu akaitwa. Alikuta washauri wameinama. Mheshimiwa alikuwa na plasta kwenye paji la uso, na alikuwa hajakaa.

"Nani alileta habari ya kengele?" akauliza. "Nilikuwa nakamata breki, nakuta kengele!"

Vidole vitatu vikamwelekea Ningekuwa kwa mpigo mmoja. Havikuwa na kusitasita hata kidogo.

"Nami nilishangaa siku ile," mzee wa suspenda akasema. "Nikajisemea moyoni, kengele ya nini?"

Kabla Ningekuwa hajajitetea, simu moja ya Mama wa Habari ikalia. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika rangi kama taa za barabarani. "Mheshimiwa," akasema, "redio zote zinakuzungumzia. Watu wanakupenda! Watoto wanaigiza mitaani. Wanakuita Mzee Kengele."

"Mzee Kengele?" Mheshimiwa akakaa chini.

"Mzee Kengele!"

"Kusema kweli," mzee wa suspenda akasema, akivuta suspenda zake, "kengele tulikuwa tumeijadili sisi watatu kabla hata ya kikao."

"Takwimu zangu zilikwisha ionyesha," akasema Mtu wa Takwimu.

Ama kweli mwamba ngozi huvutia kwake. Ningekuwa, ambaye maisha yake yote alikuwa mwamba ngozi kwa maana halisi ya neno, alisikia kitu kikimpanda kutoka tumboni. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa ni kuchoka, kama mtu aliyebeba kochi ngazi nyingi akaamua kulitua popote.

"Mheshimiwa," akasema. "Mimi si mshauri. Mimi ni fundi wa makochi. Nilikuja kutengeneza viti."

Wakamgeukia. Kisha wakageukiana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme kwamba yeye ndiye aliyemleta.

"Siku ile ya kwanza nilikuwa na misumari mdomoni," akaendelea. "Ndiyo maana nilinyamaza. Siku ya pili sikuwa nayo. Nilijua huwezi kuendesha baiskeli. Nilijua utaanguka."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akakigusa kibandiko cha paji lake. Akawatazama wale watatu, mmoja mmoja. "Na ninyi mlijua?"

"Hapana, Mheshimiwa!" wakasema kwa pamoja, kwa sauti tamu kuliko ya kwaya.

Ningekuwa alidhani sasa ndipo atakaposhukuriwa, kwamba mkubwa atamshika bega na kumwambia mtu kama wewe ndiye nimekuwa nikimtafuta. Mheshimiwa hakufanya hivyo. Alionekana kama mtu aliyevuliwa koti kwenye baridi.

"Umebakiza viti vingapi?" akauliza.

"Viwili."

"Vimalize, kisha uende nyumbani."

Akavimaliza nje ya chumba, barazani, mlango ukiwa umefungwa.

Uchaguzi ukaja ukapita. Mheshimiwa alishindwa, ingawa si vibaya kama walivyomtabiria. Akashinda mtu wa fundi saa, na fundi saa akatembea mtaani wiki nzima kama aliyeapishwa yeye. Miezi ikapita, bei zikapanda, barabara zikabaki na mashimo yale yale, na asubuhi moja fundi saa akaja kuegemea mlango wa karakana akiwa amenuna.

"Rais wetu mwenyewe hana neno, jirani," akasema. "Tatizo ni wale washauri."

Zamani Ningekuwa angelirukia neno hilo kama paka na samaki. Safari hii aliitema misumari mkononi kwanza. "Jirani," akasema, "kile chumba kina kitu. Ukiingia mle, ulimi unapata uzito. Wewe usiwaseme watu." Fundi saa alimtazama kama anayetazama saa iliyoanza kurudi nyuma, akaenda zake.

Mwaka huo huo mkewe akaamua kugombea uenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni kwa watoto wao. Hakumwomba mtu ushauri. Aliandika hotuba yake mwenyewe, jioni kadhaa, kwenye meza ya cherehani. Ilipokwisha alimkalisha mumewe, akasimama katikati ya sponji, akaisoma yote, na mkono akiutupa pale panapostahili. Kisha akaishusha karatasi.

"Haya. Unaonaje?"

Ningekuwa alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka anayetamani kusikia jambo jema.

"Ni ndefu," akasema.

"Ndefu?"

"Ndefu sana, mama watoto. Na pale kwa mwalimu mkuu, unapoanza kueleza habari za vyoo tangu shule ilipojengwa, wazazi watalala."

Mkewe akaikunja hotuba mara mbili, tatu, nne, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Siku ile Ningekuwa alilala karakanani, kwenye kochi la mteja ambalo alikuwa hajaligusa bado, springi zikimfinya mbavuni kila alipogeuka.

Asubuhi mkewe akaja na kikombe cha chai. Hakumsalimu. Alimpa kikombe, akaisukuma miguu yake akakaa kwenye ukingo wa kochi, akafungua karatasi. Mistari mingi ilikuwa imekatwa. Akasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, na chai ilikuwa bado ya moto alipomaliza.

"Sasa?"

Ningekuwa akapuliza chai. Akafikiri. Akajikuna shingo.

"Bado pale kwa mwalimu mkuu," akasema.

Mkewe akamnyang'anya kikombe, akainywa chai mwenyewe, akachukua kalamu.